Mtoto wa mpakani: Tumfunze, tumzuie au tumchape?

KATIKA mikutano ya wazazi na walimu ambayo nimehudhuria baina ya Busia na Malaba, kuna hoja moja isiyokosa kuzuka, hata pale ambapo haimo katika ajenda. Wazazi watazungumzia pesa za mitihani, chakula cha mchana na paa la darasa linalovuja; kisha mzee mmoja atasimama, avue kofia na kuuliza swali ambalo wenzake wamekuwa wakilingojea: "Walimu wetu, mbona siku hizi mnawaogopa watoto? Rudisheni kiboko!" Makofi hulia. Mwalimu mkuu huinamisha macho, kwa maana anajua mambo mawili: kwamba sheria haimruhusu kukubali, na kwamba hatua chache tu kutoka ofisini mwake kiboko hakijaondoka kamwe.

Makofi hayo yanastahili kujibiwa kwa heshima. Wazazi wanaoyapiga si watu katili. Ni watu wanaowaona watoto wao wakiponyoka mikononi mwao, na kiboko ndicho chombo pekee walichofundishwa kukitumia. Anayewacheka hajawahi kulea mtoto kando ya barabara ambako matrela hupita usiku na mchana, na ambako mvulana wa miaka kumi na miwili aweza kupata kwa asubuhi moja pesa ambazo mamaye muuza omena hazipati kwa siku nzima.

Hebu basi tulipime suala hili pande zote, ndugu mwalimu nawe mwanafunzi, maana ninyi ndio mnaolibeba kila siku.

Sheria yasemaje?

Mabishano mengi huanzia katika kutoijua sheria. Watu huzungumza kana kwamba zamani kila mwalimu alikuwa na idhini ya kuchapa. Sivyo. Kanuni za nidhamu shuleni za mwaka 1972 zilimpa idhini hiyo mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemwamuru atekeleze mbele yake. Zilitaka uchunguzi kamili ufanywe kwanza. Zilikataza mtoto kuchapwa mbele ya wenzake. Ziliweka mpaka wa viboko sita, na zikaagiza kila adhabu iandikwe katika kitabu maalumu.

Wewe uliyesoma katika miaka ya themanini au tisini, je, uliwahi kukiona kitabu hicho? Tulichokiona ni darasa zima likipigwa kwa kushindwa na hesabu, mtoto akipigwa kwa kuchelewa, mwingine kwa kukosa sare, na mwingine kwa kuongea lugha ya mama. Kwa hivyo, hao wanaotaka kiboko "kama zamani" wanatamani jambo ambalo hata zamani lilikuwa kinyume cha kanuni.

Mwaka 2001, Bw. Kalonzo Musyoka akiwa Waziri wa Elimu, kanuni hizo zilifutwa. Katiba ya mwaka 2010 ilikwenda mbali zaidi. Kifungu cha 29 kinamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, na Kifungu cha 53 kinampa mtoto ulinzi dhidi ya aina zote za ukatili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaongeza kwamba anayemtesa mwanafunzi, kimwili au kiakili, aweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000 au kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au adhabu zote mbili. Hata ule mlango uliobakishiwa mzazi katika Sheria ya Watoto ya 2001, wa kumpa mwanawe "adhabu ya kiasi", haukurudishwa katika sheria mpya ya mwaka 2022.

Ng'ambo ya mto mambo yanakaribiana na yetu. Wizara ya Elimu ya Uganda ilipiga marufuku viboko shuleni kwa waraka wa mwaka 2006, na marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yakaipa marufuku hiyo nguvu ya sheria. Mtu anayevuka daraja la Malaba hubadilisha fedha, hubadilisha mtaala na mitihani, na aghalabu hubadilisha lugha ya salamu. Lakini mwalimu wa Tororo na mwalimu wa Amagoro wote wawili wamekatazwa kumchapa mwanafunzi. Ni Tanzania, miongoni mwa jirani zetu wa karibu, iliyobakisha kiboko katika kanuni zake za mwaka 2002, na hata huko hakizidi vinne na mwenye idhini ni mwalimu mkuu au yule aliyempa idhini hiyo kwa maandishi.

Yapo basi maandishi ya kutosha. Lakini maandishi hayajafika darasani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba kati ya vijana wa miaka 18 hadi 24, asilimia 66 ya wasichana na 73 ya wavulana walikuwa wamepigwa au kuumizwa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Utafiti kama huo uliporudiwa mwaka 2019 hali ilikuwa nafuu. Hata hivyo, karibu nusu ya wasichana na zaidi ya nusu ya wavulana bado walisema walitendewa ukatili wa namna moja au nyingine utotoni.

Hoja ya mwalimu

Sitakuwa mwadilifu nisipousikiliza upande wa pili. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, madarasa yalifurika. Mwalimu aliyekuwa na wanafunzi arubaini alijikuta na themanini, na wengine walikuwa vijana waliokwisha kuonja pesa za mpakani. Kiboko kilikuwa kimeondolewa miaka miwili kabla. Ni nini alichopewa mahali pake? Mara nyingi hakupewa kitu ila waraka. Aliambiwa atumie "ushauri nasaha", naye hakuwa na chumba cha ushauri, wala kipindi katika ratiba, wala mafunzo. Kumpokonya fundi nyundo bila kumpa chombo kingine, kisha kumlaumu kwa kuwa meza haikusimama, si haki.

Aidha, walimu husema kwamba tangu kiboko kiondoke shule zimekuwa zikiteketezwa. Hoja hii ilipata hata sauti ya serikali: mwaka 2021, kufuatia visa vya utovu wa nidhamu, aliyekuwa Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alitamka hadharani kwamba afadhali kiboko kirejeshwe. Alikuwa mtu aliyeipenda shule, na alisema lililokuwa moyoni mwa wengi.

Lakini tarehe hazimuungi mkono. Maafa ya St Kizito kule Meru, ambako wasichana 19 walikufa wavulana wa shule yao walipowavamia bwenini, yalitukia Julai 1991. Viranja wanne wa Shule ya Upili ya Nyeri walichomwa mwaka 1999. Wakati huo kiboko kilikuwa halali na kilitumika nchi nzima. Iwapo mjeledi ungekuwa dawa ya fujo, miaka ya tisini ingekuwa miaka ya utulivu mkubwa katika historia ya shule zetu. Wenye kuikumbuka wanajua haikuwa hivyo.

Mto uko wazi

Kuna sababu nyingine ambayo wenzetu wa Nairobi wanaobishana kuhusu jambo hili huenda wasiione, kwa kuwa hawaishi mpakani. Mtoto wa mahali pengine akiogopa shule hana pa kwenda. Atajificha kichakani hadi saa kumi kisha arudi nyumbani. Mtoto wa Busia au Malaba ana pa kwenda. Neno bodaboda lilizaliwa papa hapa kwetu, kwa vijana wa baiskeli waliowavusha abiria kutoka mpaka hadi mpaka. Kazi ya kuvusha haijaisha. Kituo cha pamoja cha forodha kilichofunguliwa rasmi Busia mwaka 2018 kiliharakisha safari ya mfanyabiashara mwenye hati. Njia za panya zimebaki zilipokuwa, na anayezijua vyema kuliko wote ni mtoto mdogo ambaye askari hamshuku.

Namkumbuka mvulana mmoja wa darasa la sita katika shule ambayo sitaitaja. Alikuwa hodari wa hesabu, na sababu yake naijua: alikuwa akibadilisha shilingi za Uganda kwa za Kenya kichwani tangu akiwa na miaka minane. Alfajiri, kabla ya shule, alikuwa akibeba sukari kwa kilo chache chache kuivusha mto kwa ajili ya mama mmoja mwenye duka. Kwa hiyo alichelewa. Mwalimu wa zamu alimchapa Jumatatu, akamchapa Jumanne, na Jumatano akamchapa mara mbili kwa sababu hakulia. Alhamisi hakuja. Hakuna aliyemuuliza siku zote tatu kwa nini alichelewa. Jibu lilikuwa jepesi: nyanyake alikuwa mgonjwa, na pesa za sukari ndizo zilizomnunulia dawa.

Miezi kadhaa baadaye nilimwona ng'ambo akisukuma baiskeli yenye gunia. Alinisalimu kwa adabu kamili, "Shikamoo, mwalimu," akapisha njia. Nidhamu alikuwa nayo. Kilichokosekana ni shule.

Hesabu yake ilikuwa sahihi, kama zilivyokuwa hesabu zake zote. Upande mmoja wa mto alipata pesa. Upande wa pili alipata viboko. Mtu mzima angechagua nini? Katika mji wa mpakani, kila kiboko anachopigwa mtoto kwa kuchelewa ni msaada kwa wenye magendo, maana kinampunguzia mtoto sababu ya kurudi darasani.

Kamba ya sokoni

Sasa nigeukie jambo gumu zaidi, kwa sababu si kila mkono unaomshika mtoto kwa nguvu ni mkono wa dhuluma.

Pita soko la Malaba siku ya shughuli nyingi. Waweza kumwona mama ameketi mbele ya fungu la nyanya, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu kando yake, kitambaa kimefungwa kiunoni mwa mtoto na ncha ya pili kwenye mguu wa meza. Mgeni atashtuka: amemfunga mtoto kama mbuzi! Lakini hatua ishirini kutoka pale matrela yanapita kuelekea Kampala, na mama hana yaya, hana chekechea ya karibu, na asipouza leo hawali. Kitambaa kile ni kirefu cha kumwezesha mtoto kucheza na kifupi cha kumzuia asifike barabarani. Sithubutu kumwita mama huyu mkatili. Ninachothubutu kusema ni kwamba soko linalokusanya ushuru kila asubuhi lingeweza kumjengea chumba cha kulelea watoto, na hapo kitambaa kingefunguliwa.

Sasa linganisha na kamba nyingine. Katika nyumba kadhaa, si hapa tu bali kote nchini, mtoto mwenye ulemavu wa akili au kifafa hufungwa chumbani wageni wanapofika, au hufungwa mchana kutwa wazazi wakienda shambani. Shirika la Human Rights Watch lilieleza mwaka 2020 kwamba watu wenye matatizo ya akili, watoto wakiwamo, hufungwa kwa minyororo au kufungiwa ndani katika nchi zipatazo 60, na Kenya ni mojawapo. Kamba hii nayo huanza kama ulinzi: asipotee, asianguke motoni. Lakini miaka inapita na haifunguliwi. Mtoto anakua kamba ikiwa pale pale, hadi inapokuwa ndiyo nyumba yake.

Kamba hizi mbili zimetoka katika sababu moja, yaani mzazi asiye na msaidizi, lakini haziko sawa. Naona maswali matatu yanayoweza kuzitenganisha. La kwanza: ni hatari gani inayozuiwa, na je, ipo sasa hivi? La pili: anayezuiwa anafunguliwa lini? La tatu: je, mwenye kuzuia angefanya vivyo hivyo akitazamwa na majirani zake wote? Kamba ya sokoni inajibu yote matatu; ya chumbani haina jibu la swali la pili, na la tatu inaliogopa.

Maswali hayo hayo yanamfaa mwalimu. Wavulana wawili wanapigana na mmoja ameokota jiwe. Mwalimu anamkumbatia kwa nyuma, anamfunga mikono kwa mikono yake, anamshikilia hadi jiwe lianguke. Ametumia nguvu, naam, na ametenda wajibu wake; asingefanya hivyo angestahili lawama. Lakini jiwe likiisha kuanguka, kofi atakalompiga baada ya hapo halizuii hatari yoyote. Limekuwa kisasi cha mtu mzima aliyeshtuka. Mpaka baina ya kuzuia na kuadhibu ni mwembamba kama Mto Malaba wakati wa kiangazi, lakini upo, na mwalimu aliyesomea kazi yake aweza kuuona.

Mila na maandiko

Wapo watakaosema kwamba kiboko ni mila yetu. Neno lenyewe linasimulia hadithi tofauti. Mjeledi uliitwa kiboko kwa kuwa ulikatwa katika ngozi ya mnyama huyo wa mtoni, nao ndio uliotumika kuwatii watu katika misafara, mashamba na magereza ya kikoloni. Wazee wa Tanganyika waliyakumbuka mamlaka ya Wajerumani kwa jina la hamsa ishirini, yaani mapigo ishirini na matano. Hapa Kenya, mahakama ziliendelea kuwahukumu watu kuchapwa hadi adhabu hiyo ilipofutwa mwaka 2003. Sisemi kwamba babu zetu hawakumgusa mtoto. Nasema kwamba kumpanga mtoto mstarini gwaride la asubuhi na kumpiga mapigo ya kuhesabiwa ni desturi ya kambi, haikutoka jikoni kwa nyanya.

Wengine hutaja methali: Samaki mkunje angali mbichi. Ni methali njema, nasi tulio karibu na Sio Port na Port Victoria tunaielewa vizuri kuliko wengi. Nendeni mkawatazame akina mama wanaokausha sangara na ngege. Samaki hukunjwa kwa vidole, taratibu, mkia ukaletwa karibu na kichwa, kisha akawekwa juu ya moshi. Sijawahi kuona mama akimkunja samaki kwa rungu. Akifanya hivyo atavunjika, na hatapata mnunuzi. Na ile isemayo Mchelea mwana kulia hulia yeye, inamwonya mzazi asiyeweza kumnyima mwanawe kitu. Kumnyima simu mtoto, kumkataza kuvuka mto, kumrudisha akatengeneze alichoharibu, hayo nayo humliza. Machozi yapo ya namna nyingi.

Kuhusu maandiko, wahubiri wetu hupenda kuitaja fimbo ya Kitabu cha Mithali. Basi waitaje pia fimbo ya mchungaji wa Zaburi, ambayo kondoo huiona akafarijika. Wateso na Waluhya wanaofuga ng'ombe wanajua kwamba fimbo ya mchungaji kazi yake kubwa ni kuonyesha njia na kumfukuza fisi.

La kufanya

Nisiishie katika kukanya. Haki za mtoto hazimwondolei wajibu. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2000, una kifungu kizima kuhusu wajibu wa mtoto wa kuwaheshimu wazazi, wakubwa na wazee na kuwasaidia wanapohitaji. Mwanafunzi anayemwambia mwalimu "huwezi kunigusa, nina haki" amesoma nusu ya ukurasa. Walimu na wamsomeshe nusu ya pili.

Kwa shule za mpakani nina mapendekezo manne. Mosi, mtoto akichelewa mara tatu, mwalimu wa darasa aandike sababu aliyoitoa na kuichunguza kabla ya hatua nyingine yoyote. Uchunguzi huo ulidaiwa hata na kanuni za 1972. Pili, adhabu ihusiane na kosa: aliyechafua asafishe, aliyetukana aombe radhi, aliyekosa kazi aimalize wakati wa mapumziko akisimamiwa. Kumpigisha mtoto magoti juu ya kokoto au kumng'olesha kisiki juani ni kiboko kilichobadilisha vazi. Tatu, walimu wakuu wa pande mbili za mto wakutane kila muhula na kubadilishana majina ya watoto waliotoweka, kwani mtoro wa Malaba mara nyingi anajulikana Tororo, na wa Busia ya Kenya anajulikana Busia ya Uganda. Nne, nambari 116, ambayo ni simu ya bure ya kuwasaidia watoto nchini Kenya na vilevile Uganda, ibandikwe mlangoni mwa kila darasa.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji bajeti ya wizara. Kinachohitajika ni daftari, kalamu, na mtu mzima wa kuuliza swali kabla ya kuinua mkono. Nawaomba wazazi, watakapopiga tena makofi kwa ajili ya kiboko, wamtazame mwalimu wa darasa na kumuuliza ni watoto wangapi waliokuwa katika orodha yake Januari ambao hawamo leo, na wako wapi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na kwetu sisi, ulimwengu uko hatua mia moja tu, ng'ambo ya daraja, na umewafungulia mlango tangu alfajiri.